Singida: Upepo Hauogopi Tochi

Washikaji mnaotesa na baiskeli za umeme mjini, hebu sikieni hii. Kuna mkoa hapa hapa Bongo utakaokufanya uiheshimu kilometa 25 kwa saa. Unaitwa Singida.

Kutoka Dar ni kama kilometa 700. Ukishapita Dodoma, zinabaki kama 240. Mji umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na mawe yake makubwa yamepandana kama magunia ghalani. Kuku wa kienyeji wa huku hawana haja ya matangazo. Halafu kuna upepo, mzee! Wawekezaji wameupigia hesabu za kufua umeme kwa miaka mingi, ujue si wa mchezo.

Sasa kilio cha waendeshaji wapya ni kimoja: "Mbona haiendi?" Baiskeli nyingi za umeme zimetengenezwa kwa kufuata sheria za Ulaya: mota ya wati 250, ikifika kilometa 25 kwa saa inakata msaada. Marekani kuna aina zinazoachiwa mpaka 32, nyingine 45. Kijana kamwaga hela, anapitwa na bodaboda, halafu kwenye mteremko anapitwa na mzee wa Phoenix na debe lake la alizeti. Inauma, lazima tukubali. Hapo ndipo anapomtafuta fundi "amfungulie mwendo".

Ngoja kwanza. Toka nayo Singida mjini uelekee Ikungi, kilometa thelathini na kitu kwa barabara ya Dodoma. Upepo wa 20 ukikupiga usoni nawe unakwenda 25, kifua chako kinapambana na hewa ya 45. Na hewa haina huruma: mwendo ukiwa mara mbili, kinachokupinga kinakuwa mara nne. Betri ya wati-saa 500 inailisha mota ya 250 kwa saa mbili tu ikifanya kazi kwa nguvu zote. Piga hesabu ya kwenda na kurudi. Usipokanyaga pedali, utasukuma.

Tena barabara ile ni ya mabasi na malori. Vijijini kibao kinasema 50 na trafiki wako na tochi, lakini nje ya vijiji basi linaruhusiwa 80. Wewe uliyefunguliwa mpaka 45, kwa dereva wa basi bado ni konokono tu. Kilichobadilika ni kwamba breki zako ni zile zile za 25, mota inachemka, na betri inakata pumzi porini. Umenunua hatari, mwendo hujaupata.

Lawama nyingine ni za muuzaji anayenyamaza. Kabla hujatoa hela uliza: mota wati ngapi, inakata kwenye ngapi, betri wati-saa ngapi? Kama unataka kushindana na bodaboda, nunua pikipiki ya umeme, ukate bima na leseni, na ukifika kwenye makazi 50 inakuhusu na wewe.

Baiskeli mwachie Singidani. Jioni, zungukia ziwa taratibu, miamba ikigeuka rangi na heroe wakiwepo majini. Mwendo wa 25 pale unatosha, tena unazidi. Ukiona betri inashuka, mjini ni pua na mdomo, na kuku anakusubiri mezani. Au siyo?