Kidonda Huanza Kufunga Wapi?

Nimefundisha hisabati nikiamini kwamba uzuri wa mlinganyo ni yale unayoyaacha nje. Siku hizi, hapa Nakapanya, imani hiyo naishika kwa mkono mlegevu zaidi.

Mlinganyo ninaoupenda uliandikwa mwaka 1937 na Ronald Fisher wa Uingereza. Mwaka huohuo mwanahisabati Kolmogorov na wenzake wawili waliufikia wakiwa Moscow. Fisher alikuwa akiwaza jinsi sifa njema ya kurithi inavyoenea kwa viumbe waishio kando ya bahari. Baadaye wengine waliuazima kueleza ngozi inavyofunika kidonda: seli za ukingoni hutambaa kuelekea palipo wazi, nyingine hugawanyika kujaza nafasi, na mpaka husonga kama moto kwenye majani makavu. Zidisha kasi ya kugawanyika kwa kasi ya kusambaa, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2: hiyo ndiyo kasi ya mpaka. Maana yake, seli zikigawanyika mara 4 zaidi, mpaka utakwenda kwa kasi mara 2 tu. Hesabu hiyo imenituliza mara nyingi nilipokuwa na haraka ya mambo yasiyoharakishwa, ingawa sijui kama ni haki kuitwisha kazi hiyo.

Msimu wa korosho uliopita, jirani yangu aliungua nyuma ya kiganja akiwa anabangua. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, huchubua ngozi. Nilitazamia utando wa waridi uingie kutoka pembeni, na kweli uliingia. Lakini katikati, palepale nilipodhani patakuwa pa mwisho, vikachomoza vitone vilivyopauka, kila kimoja kikitanuka kivyake hadi vikagusana. "Mwalimu, mbona kinapona kotekote?" akaniuliza. Kidonda kisichozama sana huacha mashina ya vinyweleo yakiwa hai chini, na seli za humo hupanda juu na kuanza ngozi upya. Mlinganyo haulikatai hilo. Unaweza kuupa mianzo mingi upendavyo. Ila hautakuambia mianzo hiyo iko wapi. Sharti uutazame mkono wenyewe.

Tena seli za Fisher hazishikani, kila moja hutangatanga peke yake. Za kweli hushikana. Mwaka 2009 Xavier Trepat na wenzake walipima nguvu ambazo kundi la seli hutumia kuvuta pale linapotambaa. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba za mbele ndizo zinazoburuta nyingine. Wakakuta sehemu kubwa ya mvuto hutoka safu nyingi nyuma ya ukingo.

Hilo hunijia nikiwatazama wanafunzi wa madawati ya nyuma, na papo hapo nasita, kwa kuwa watoto wa watu si seli, na nguvu zao sijazipima. Hata hivyo muhula huu maswali nayaanzia nyuma. Wapo wanaoinamisha kichwa, wapo wanaojibu kabla sijamaliza kuuliza. Kama darasa linasogea au la, bado sijaweza kusema.