Ujira wa Mlezi

Mwezi uliopita alitujia nyumbani mwalimu mmoja kijana, mwenzetu wa shule moja, amembeba mwanawe mchanga mgongoni. Likizo yake ya uzazi ilikuwa karibu kwisha, kwa kuwa sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama siku 84, au siku 100 akizaa pacha. Tulipokwisha kuamkiana akaeleza haja yake.

"Wazazi wangu," akasema, "nimesikia ya kuwa ninyi ni watu wa Bumbuli. Nawaomba mnitafutie binti huko milimani, aliyemaliza darasa la saba, aje anilelee mtoto. Nitampa shilingi 30,000 kwa mwezi, na kula atakula kwangu, na kulala atalala kwangu."

Sisi mume na mke tukatazamana, wala hatukumjibu mara. Maneno yale tuliyajua moja moja. Ndiyo tuliyoyasema sisi wenyewe mwaka 2008, tumeketi barazani pa ndugu yetu.

Ndugu wasomaji, habari hii si ya kujisifu, nasi tungalipenda kuinyamazia. Lakini wengi wenu mna mabinti, na siku moja atakuja mtu wa mjini kuwaomba kama tulivyomwomba kaka yetu. Basi ni afadhali mwisikie kwa walioomba.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwezi wa Mei 2008, hapa Korogwe, sisi sote wawili tukiwa waalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa Agosti siku 84 zikaisha. Waganga hutuagiza kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake muda wa miezi sita, na hata mtoto wa darasa la pili aweza kuona ya kuwa siku 84 hazifiki miezi mitatu. Ni kweli sheria ile ile humruhusu mama kwenda kunyonyesha saa za kazi, muda usiozidi saa mbili kwa siku. Lakini atamkuta mtoto mikononi mwa nani?

Akashuka bibi yake kutoka milimani. Alimlea mjukuu vizuri, nasi tukafundisha kwa moyo mtulivu hata mwezi wa Oktoba. Mvua za vuli zilipokaribia, bibi akawa akisimama mlangoni kila asubuhi, akitazama mawingu ya upande wa kwao. Siku ya nne tukamwuliza ana nini, akajibu, "Wanangu, maharage hayajipandi." Akapanda gari kwenda Mombo na Soni, akafika kwake amechelewa kupanda, na mwaka ule shamba lake lilitoa debe chache. Sisi katika hesabu yetu hatukuandika kitu. Tulisema bibi amelea bure.

Ndipo tulipokwenda kwa kaka. Binti yake wa pili alikuwa na miaka 14, naye alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba, yuko nyumbani akingoja majibu. Tukasema, "Kaka, tuazime mtoto huyu hata majibu yatoke." Kaka akakubali, maana ndugu hamnyimi ndugu. Tukapatana kumpelekea shilingi 20,000 kila mwezi, naye binti akatwaa mfuko wake, akatufuata.

Mwezi wa Desemba kaka akapiga simu. "Mdogo wangu, binti amechaguliwa kidato cha kwanza." Ilikuwa mojawapo ya shule zile za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2004, nayo haikuwa mbali na kwao. Ada ya shule ya kutwa ya Serikali wakati ule ilikuwa shilingi 20,000. Msidhani ni kwa mwezi. Ni kwa mwaka mzima. Kulikuwa na michango pia, na sare, na madaftari, hatukatai. Lakini ujira wa mwezi mmoja wa kumlea mtoto wetu ungalitosha kulipa ada ya mwaka, nasi, watu wa chaki na hesabu, tuliona jambo hilo siku ile ile, tukalipita.

Tulijibu nini? Tulijibu, "Kaka, mtoto bado mchanga mno. Mwache mwaka huu, mwakani tutamsomesha wenyewe." Kaka hakubishana nasi. Alikuwa amekwisha kununua bati nne kwa fedha ya binti, na nusu ya nyumba ilikuwa bado nyasi. Nafasi ya shule haikumngoja mtu. Mwakani ikafika, ikapita. Mwaka 2011 tukazaa mtoto wa pili, na mlezi alikuwa yupo tayari.

Wazee watatuambia kwamba tangu zamani watoto walilelewa na mabinti. Ni kweli. Mama alipolima, binti wa jirani alimbeba mtoto kivulini, na jua lilipotua akarudi kwa mama yake. Hakukuwa na kengele ya shule aliyoikosa, wala hakulala jikoni kwa watu. Tumeshika jina la desturi ile, tukabadili kila kilichomo ndani yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema wazi kwamba mwenye miaka 14 aweza kufanya kazi nyepesi, isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Sisi tulielezwa habari hizo katika semina ya waalimu, tukaziandika katika madaftari yetu, na saa ile ile binti wa kaka alikuwa nyumbani akimwogesha mtoto wetu.

Hakutulaumu. Alikuwa mchangamfu, akiwaimbia watoto, akawafunza hata kuhesabu. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilitangazwa katika redio ya kuwa kuanzia Januari 2016 hakuna ada tena, tangu shule ya msingi hata kidato cha nne. Usiku ule alikuwa akipiga pasi sare ya mtoto wetu mkubwa, naye alikuwa na miaka 21. Akaiweka pasi chini, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama aulizaye bei ya chumvi, "Mama mdogo, sasa ni bure. Na mimi je?"

Hatukulala vizuri.

Tulijaribu kutengeneza. Tukamwandikisha masomo ya jioni ili afanye ule Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, mlango wa wale wasiopita sekondari. Akasoma mwaka mmoja kwa bidii. Lakini miaka saba bila kitabu si jambo dogo, naye alikuwa na umri wa kuolewa, akaolewa. Sasa yeye mwenyewe ni mama, akaa papa hapa Korogwe, na kazi yake ni ile tuliyomfunza: hulea watoto wa watu nyumbani kwake.

Basi yule mwalimu kijana alipotuomba binti wa milimani, tulimwambia habari hizi zote, kisha tukamwambia, "Mpeleke mtoto kwa huyo." Akauliza bei. Tukamjibu, shilingi 1,500 kwa siku. Akapiga hesabu kwa vidole: siku 22 za kazi ni shilingi 33,000. "Wazazi wangu, mbona ni ghali? Kwa 30,000 nampata msichana afuaye, apikaye, afagiaye, na usiku yupo."

Hatukumkasirikia, mshahara wa mwalimu anayeanza twaujua. Tulikwenda naye jioni ile kwa binti yetu, tukamwomba atuonyeshe daftari lake. Analo daftari la mistari, na mwandiko wake ni ule ule wa darasa la saba, wa duara na safi. Hupokea watoto watano, wawili kati yao hawajatembea. Hupokea kuanzia saa 12 asubuhi, maana mama zao wengine ni wauza matunda wa kituo cha mabasi, na wa mwisho huchukuliwa saa 11 jioni. Hiyo ni fedha shilingi 7,500 kwa siku, ikiwa wote wamekuja na wote wamelipa.

Na kwa siku hutoka hivi: unga kilo moja, wa uji na wa ugali, 1,500; maharage au dagaa 900; sukari robo 700; mkaa 1,000; maji na sabuni 500. Jumla 4,600. Hubaki 2,900, na kwa siku 22 ni 63,800. Toa kodi ya chumba kile wanamolala watoto, 30,000. Kinachomkalia mkononi ni shilingi 33,800.

Mwalimu kijana akaitazama hesabu ile mara mbili. Fedha anayobaki nayo mlezi yakaribia kuwa sawa na malipo ya mtoto mmoja tu. Wale wanne wengine wamlipia muuza mkaa, muuza unga na mwenye nyumba. Agizo la mshahara la Serikali la mwaka 2013 lilimwekea mtumishi wa nyumbani, yule alalaye kwa mwajiri wake, shilingi 40,000 kwa mwezi, na lile lililoanza Januari 2023 likaweka 60,000. Mwanamke huyu ajiajiriye, alalaye kwake na ajilishaye, hajalifikia hata lile la kwanza. Na mtoto mmoja akishikwa na homa juma zima, shilingi 7,500 hazipo, lakini mkaa huungua vile vile kwa wanne kama kwa watano.

Tulimwuliza kwa nini hapandishi bei. Akacheka. "Baba mdogo, nikisema 2,000, kesho watatu hawaji. Watawafunga mgongoni waende nao jua kali kituoni, au wataagiza binti kijijini." Maneno hayo ya mwisho aliyasema bila kututazama.

Wasomaji wenye umri watakumbuka ya kuwa miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vilikuwa na vituo vya kulelea watoto mchana, na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo hivyo. Katika vijiji vile mzigo ulishikwa na watu wengi pamoja. Leo umerudi juu ya kichwa cha mtu mmoja, naye mara nyingi ni mwanamke mwenye fedha kidogo kuliko wote wanaohusika. Bibi aliulipa kwa maharage yake, na binti wa kaka kwa kidato cha kwanza. Sisi tulilipa 20,000, tukajiona wakarimu.

Tulimwuliza binti yetu, tulipokuwa peke yetu naye, twaweza kumlipa nini kwa miaka ile. Tulitazamia machozi, au tutajiwe cherehani au kiwanja. Akafikiri, kisha akasema, "Niandikieni tangazo kwa mwandiko mzuri, baba mdogo, nibandike mlangoni. Kila mtu alipe Ijumaa. Ninyi ni waalimu, wataliogopa."

Tukaandika. Jumatatu mwalimu kijana akamleta mtoto, pamoja na shuka, kikombe na maziwa aliyokamua. Akaahidi kuja kumnyonyesha saa nne, maana shule si mbali. Ijumaa jioni tulipopita njia ile tulimkuta mlangoni, akihesabu noti mbele ya tangazo letu: 5,000, 2,000, na sarafu ya 500. Binti wa kaka akaipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani kutafuta kalamu.