Ayub Ogada, Mpiga Nyatiti

Katika gazeti letu hili tumekwisha soma mara nyingi habari za mpira, za shamba la shule na za safari za kwenda kutazama wanyama. Mimi leo nataka kuandika juu ya mpiga muziki, tena si wa hapa kwetu bali wa nchi jirani ya Kenya. Sababu ya kumchagua yeye nitaieleza mbele.

Bwana Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa Wajaluo, nao walikuwa wapiga muziki. Alipokuwa mtoto walikwenda naye Marekani. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa vijana wa Nairobi waliojiita Black Savage, waliopiga roki kwa magitaa ya umeme. Mwaka 1979 akawa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band, bendi iliyochanganya magitaa na ala za jadi. Basi kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kazi ya bendi, mmoja akianza na wenzake wakiitikia.

Mwaka 1985 alionekana katika filamu ya Out of Africa, pamoja na Meryl Streep na Robert Redford. Mtu angedhani kwamba amekwisha fika. Kumbe mwaka uliofuata alifunga safari kwenda Uingereza, akachukua nyatiti yake, na huko London akawa akipiga katika vituo vya treni zipitazo chini ya ardhi, wapita njia wakimtupia sarafu. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtu ambaye sura yake imeonyeshwa katika sinema za dunia nzima ameketi chini, watu wanampita mbio kwenda kazini, wala hapana mwenzake wa kumtupia jicho na kucheka naye. Mimi sihesabu kwamba ni aibu. Lakini hapana shaka palihitaji moyo.

Yafaa nieleze nyatiti, maana wengi wetu hapa Babati hatujaiona. Twajua zeze, kwa sababu ya ndugu zetu Wagogo. Nyatiti ina nyuzi nane, nne kwa nne, na tumbo lake ni la mti uliochongwa na kufunikwa ngozi. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, akailaza ala ubavuni mwake. Vidole vya mikono vinakung'uta nyuzi. Katika kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga mti wa nyatiti kushika mwendo. Mguuni amefunga njuga. Juu ya hayo yote anaimba. Haya, hesabu mwenyewe: nyuzi ni magitaa, pete ni ngoma, njuga ni kayamba, na mwimbaji yupo. Wajaluo wa kale walikwisha iweka bendi nzima katika mwili wa mtu mmoja. Kwa hiyo nadhani Bwana Ogada alipoachana na bendi hakupungukiwa kama tunavyodhani.

Mwaka 1988 alialikwa kupiga katika tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel ikatoa sahani yake iitwayo En Mana Kuoyo. Ndani yake umo wimbo Kothbiro, maana yake kwa Kijaluo "mvua inakuja". Wimbo huo haukuwa mpya. Black Savage walikuwa wameurekodi tangu miaka ile ya 1970! Mwalimu wetu mmoja ana zote mbili katika simu yake, naye alitusikilizisha moja baada ya nyingine. Wa kwanza ni wimbo wa vijana wengi pamoja. Wa pili ni ule ule, lakini umevuliwa nguo: nyatiti inazunguka polepole na sauti moja inaimba bila haraka, kama mzee anayetazama wingu likikaa juu ya Mlima Kwaraa huku mahindi bado yako uani. Darasa letu, ambalo halina sifa ya utulivu, lilinyamaza kimya.

Wimbo huo wa pili ulitiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, na hivyo ukasikika mbali. Nao ule wa kwanza haukufa. Mwaka 2018 Mmarekani Kanye West alichukua kipande chake akakitia katika wimbo wake Yikes, na katika majina ya watungaji likaandikwa jina la Bwana Ogada pamoja na la mwenzake wa Black Savage. Bwana Ogada alifariki mwaka uliofuata, Februari 2019, akiwa amekwisha rudi Kenya.

Hapo kwenye majina mawili ndipo aliponishika. Wasomaji wa hapa shuleni wanakumbuka kikundi chetu cha watu wanne, magitaa makavu mawili, ngoma na kayamba, na wimbo wetu wa viboko wa Ziwa Babati wanaokula mboga za watu usiku. Wawili wamekwisha maliza Kidato cha Nne. Wa tatu alihama pamoja na baba yake aliyehamishiwa kazi Mbeya. Nimebaki mimi na gitaa moja, na nimeombwa kuimba siku ya mahafali.

Kuimba peke yangu naogopa, lakini woga huo naweza kuumaliza kwa mazoezi. Nimekwisha anza kugonga sakafu kwa kisigino, ingawa wenzangu wa bwenini wamelalamika. Shida kubwa ni wimbo wenyewe. Maneno ya ubeti wa kwanza ni yangu. Kiitikio kilitungwa na huyu wa Mbeya, tukiwa njiani kutoka sokoni, na bila kiitikio wimbo haupo. Je, ni wangu niusimamie peke yangu mbele ya wazazi? Wawili waliomaliza wamesema niimbe tu, mradi nitaje majina ya wote wanne kabla sijaanza. Nimekubali, na majina nimekwisha yaandika kwenye karatasi. Huyu wa Mbeya nimempelekea barua wiki tatu zilizopita, kwa kuwa simu shuleni kwao haziruhusiwi kama kwetu. Jibu bado halijafika, na mahafali ni mwezi ujao.