Bunia: walizoea kuuza wachezaji wa Utah Jazz, hadi Kampala ilipomwomba kijana wao

Katika saluni moja ya kunyolea, si mbali na Boulevard de la Libération mjini Bunia, Lauri Markkanen ameuzwa mara nyingi hata hakuna anayehesabu tena. Ameuzwa Golden State, ameuzwa Miami, na siku moja aliuzwa San Antonio kabla mteja hajamaliza kunyolewa upande wa kushoto. Mwenyewe hana habari. Yuko zake Utah, Marekani, na mkataba wa miaka 5 alioutia sahihi Agosti 2024, karibu dola milioni 238.

Wanaomuuza ni watu wanne au watano. Yupo kinyozi mwenyewe. Yupo motari anayeegesha pikipiki yake mlangoni na kusahau wateja. Yupo mwanafunzi wa chuo kikuu anayejua mishahara ya wachezaji wote kwa kichwa. Na yupo mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye jioni ni kocha wa timu ya basketi ya vijana huko Mudzipela. Ukutani kuna picha ya Dikembe Mutombo akipunga kidole kimoja. Wakati mwingine mteja asiyejua anauliza kama huyo ni babu wa kinyozi. Anajibiwa kwa heshima, lakini siku hiyo hanyolewi vizuri.

Mwalimu anaipenda Utah Jazz tangu enzi za Karl Malone na John Stockton, walioshindwa fainali mbili mfululizo mbele ya Chicago ya Michael Jordan, 1997 na 1998. Wengine wameifuata kwa sababu ya Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, ambaye Jazz walimpa mkataba mdogo, ule wa kugawa muda kati ya timu kubwa na timu yao ya akiba. Kwa hiyo saluni nzima imejikuta inashabikia timu mbovu. Msimu wa 2024-2025 Jazz walishinda michezo 17 na kupoteza 65. Kati ya timu 30, hakuna iliyofanya vibaya zaidi.

Lakini ubovu huo ulikuwa na mpango, na ndiyo maana mjadala hauishi. Mwaka 2022 Utah iliwaachia nyota wake wawili, Rudy Gobert kwenda Minnesota na Donovan Mitchell kwenda Cleveland. Kwa malipo ilipokea wachezaji, Markkanen akiwa mmoja wao, pamoja na rundo la nafasi za drafti, yaani haki ya kuchagua vijana wapya katika miaka ijayo. Huko ukipoteza sana, bahati nasibu ya drafti inakupa matumaini zaidi ya kuchagua wa kwanza. Unakubali kupigwa leo ili upate kijana mkubwa kesho.

Usiku wa tarehe 12 Mei 2025, bahati nasibu hiyo ilipochezwa Chicago, Bunia ilikuwa imefika saa saba usiku. Watatu walikesha na simu moja, wakichanga mega. Jazz walikuwa na asilimia 14 ya kupata nafasi ya kwanza. Dallas walikuwa na asilimia 1,8. Dallas ndio walioshinda wakamchukua Cooper Flagg, na Jazz wakashuka hadi nafasi ya 5, ambayo ni ya chini kabisa waliyoweza kuangukia. Motari alirudi nyumbani bila kuaga mtu. Baadaye Utah ilimchagua Ace Bailey, lakini kwa siku kadhaa mwalimu alikataa hata kulitaja jina hilo.

Kisha ukaja msimu wa soko, na hapo saluni ikawaka. Jazz walimpeleka Collin Sexton Charlotte na kuongeza nafasi ya raundi ya pili juu yake, ili wampokee Jusuf Nurkic, mtu mkubwa kwa umri kuliko yeye. John Collins alikwenda Clippers, na Utah ikampokea Kevin Love, mwenye miaka 36.

"Unatoa mbuzi, unaongeza na kuku, halafu unapewa mbuzi muzee," alisema motari.

Mwalimu aliwatetea viongozi wa Utah. Alisema timu inayojijenga upya haihitaji watu wa kuishindia michezo 30, kwa sababu michezo 30 haikupeleki popote na inakuharibia nafasi ya drafti. Wazee waondoke, vijana wacheze, wakosee, wajifunze. Hesabu yake ilikuwa safi. Mpango wake mkubwa ulikuwa huu: Markkanen aende Golden State, na Jonathan Kuminga aje Utah pamoja na nafasi mbili za raundi ya kwanza.

Jina hilo likigusa meza, mjadala unageuka. Kuminga amezaliwa Goma, Oktoba 2002. Alikwenda Marekani angali mtoto, Golden State wakamchagua wa 7 katika drafti ya 2021, na mwaka uliofuata akawa bingwa pamoja na Stephen Curry. Lakini tangu Jimmy Butler alipofika Februari 2025, kijana alianza kukaa benchi. Ilibidi Curry aumie mwezi wa Mei ndipo apewe nafasi, naye akawafunga Minnesota pointi 30 katika mchezo mmoja. Mkataba wake ukaisha. Kwa sheria za huko hakuwa huru kabisa: timu nyingine ingeweza kumpa ofa, ila Golden State walikuwa na haki ya kulipa kiasi kilekile na kumzuia. Juni ikapita, Julai, Agosti, na hajatia sahihi popote.

Kinyozi hakutaka kusikia habari za Utah. Mtoto wa Goma, mji ulioanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari mwaka huohuo, aondoke kwa mabingwa aende kupigwa mara 65? Motari akajibu kwamba afadhali kucheza dakika 35 katika timu mbovu kuliko kuvaa suti benchi. Mwanafunzi akawakumbusha wote wawili kwamba mshahara wa Markkanen unapita dola milioni 46 kwa mwaka, Kuminga hafiki nusu yake kwa uzuri, kwa hiyo lazima Golden State waongeze wachezaji wengine au biashara haipiti. Mwalimu akainua kidole kuelekea ukutani. Hata Mutombo aliuzwa, alisema. Februari 2001, katikati ya msimu, Atlanta walimpeleka Philadelphia, na miezi minne baadaye alikuwa anacheza fainali.

"Aliulizwa?" kinyozi akauliza.

"Hakuna anayeulizwa. Ni kazi."

Hayo yalisemwa mwanzoni mwa Agosti. Wiki mbili baadaye, mwalimu alifika saluni amenyamaza, akakaa bila kufungua simu.

Timu yake ya Mudzipela haina jina kubwa. Inacheza kwenye kiwanja cha saruji chenye mpasuko katikati, na kikapu kimoja hakina wavu. Mchezaji wake bora ni kijana wa miaka 18, mrefu, mwenye mikono inayofika mbali, aliyekuwa ametoka tu kupata diploma ya serikali. Mtu fulani alirekodi video ya mchezo wao, ikazunguka kwenye WhatsApp, ikafika Kampala. Chuo kimoja huko kikaandika: kitamlipia masomo, kitanda na chakula, naye atakichezea. Walitaka jibu kabla ya mwisho wa Septemba.

Mwalimu alikuwa amewajibu kwamba kijana bado hajawa tayari.

Saluni haikumwelewa. Yule yule aliyewatawanya wazee wa Utah bila huruma! Motari alimrudishia maneno yake moja kwa moja: timu inayojijenga haishiki mtu. Mwalimu akatoa hesabu nyingine, na hii hakuitoa kwa sauti ya kubishana. Katika watano walioanza mchezo wa fainali ya mtaa mwaka uliopita, mmoja alikwenda Kinshasa kusoma. Mmoja yuko Mongbwalu, anachimba dhahabu. Wa tatu alihama na familia yake, simu yake haiingii. Wamebaki wawili, na mmoja ndiye huyu. Utah ilimwachia Mitchell ikapokea Markkanen na nafasi za drafti. Mudzipela ilipokea nini kwa yule wa Mongbwalu?

Ukweli usemwe, hilo ndilo jambo ambalo mijadala yote ya saluni ilikuwa imeliruka. Kule Marekani sheria inailazimisha timu kubwa itoe kitu, na ndiyo maana timu mbovu inaweza kujenga. Huku mchezaji anaondoka kama mvua inavyoondoka. Kocha anaanza tena na watoto wa miaka 14, kila mwaka, wala hakuwahi kupanga kujijenga upya.

Mwanafunzi ndiye aliyependekeza: basi tuombe kitu. Wakaanza kuorodhesha, na polepole furaha ikarudi, kama vile walikuwa wanapanga biashara ya Jazz. Mipira minne, kwa sababu saruji inakula mipira. Wavu mbili. Jozi kumi za viatu, hata kama vimetumika. Kinyozi akataka pia wamlete kocha wa Kampala aje afundishe wiki moja. Motari akasema wakikataa viatu, washushe hadi jozi tano, lakini mipira isiguswe. Barua ikaandikwa, ikasahihishwa mara tatu. Ilibaki tu kumwonyesha mama wa kijana.

Mama huyo alikimbia Djugu mwaka 2018 na watoto watatu. Anauza sombe sokoni. Mwalimu alimfuata huko asubuhi, akamsomea barua akiwa amesimama kati ya mafungu ya majani. Alipofika kwenye mipira minne, mama akamzuia kwa mkono.

"Mwalimu, miye nakuheshimia. Lakini mutoto haiko mbuzi. Mukitaka mipira, mununue."

Kisha akauliza maswali yake. Nani atalala karibu na kijana? Akiugua, nani atapiga simu? Akivunjika mguu, masomo yanaendelea au anafukuzwa? Na atapita wapi? Akipita barabara ya Mahagi, magari yameshambuliwa huko mara nyingi. Akipita Kasenyi, ni kuvuka Ziwa Albert kwa mtumbwi wa mota, na kijana hajui kuogelea. Katika wiki zote za mjadala, saluni haikuwa imejiuliza hata swali moja kati ya hayo.

Mwalimu alirudi, akaichana barua ya mipira. Akaandika nyingine, fupi, yenye maswali ya mama tu. Jibu la Kampala lilichukua siku nane. Walikubali kuandika kwamba kijana atamaliza masomo hata akiumia. Kuhusu safari walisema wao hawana la kufanya, na hapo angalau hawakudanganya mtu.

Kijana mwenyewe aliulizwa mwisho kabisa. Alisema anataka kwenda, ila akamwomba mwalimu asimpe jezi yake, namba 8, mtu mwingine kabla ya Noeli.

Aliondoka wiki ya mwisho ya Septemba kwa njia ya Mahagi, asubuhi na mapema, ndani ya gari lililongoja magari mengine ili yaende kwa msafara. Mama hakwenda kituoni. Alikuwa sokoni, simu ikiwa kifuani, na wateja wa siku hiyo wanasema alikuwa anawarudishia chenji isiyo sawa. Jioni ulifika ujumbe kwamba amevuka mpaka.

Siku chache baadaye, tarehe 30 Septemba, Kuminga naye akatia sahihi. Mkataba ulikuwa wa kubaki Golden State kwa miaka 2, hadi karibu dola milioni 48, lakini mwaka wa pili ulikuwa mikononi mwa timu: ikitaka ingemwendeleza, isipotaka ingemwacha. Siku hiyohiyo ulitimia mwaka mmoja tangu Mutombo afariki, na kinyozi alikuwa amefuta vumbi kwenye picha yake. Alifurahi kwamba mtoto wa Goma amebaki kwa mabingwa. Motari akasema huo si mkataba, ni kumfunga kamba ndefu ili wamuuze vizuri zaidi mwezi wa Januari. Wakabishana hadi mteja mmoja akaamka kwenye kiti na kwenda kunyolewa kwingine.

Mwalimu alichelewa kufika. Alikuwa anatoka mazoezini, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la saruji, na kabla hajakaa akawaonyesha picha kwenye simu: kijana amesimama kwenye uwanja wa ndani, sakafu ya mbao inang'aa, amevaa viatu vipya ambavyo kwa macho tu vinaonekana vikubwa kwake. Picha ikazunguka mikononi mwa wote, wateja nao. Mwanafunzi akaikuza kwa vidole akatafuta mipira nyuma ya kijana, akahesabu. Ilikuwa kumi na mmoja.

"Na huku?" kinyozi akauliza.

Huku kuna mtoto mmoja wa miaka 15, mwalimu akasema. Mkono wa kushoto bado hana. Anaruka, lakini anaruka mapema. Jezi namba 8 ameiona imetundikwa, na ameshaiulizia mara mbili.

Mwanafunzi akarudi kwenye hesabu zake. Kama Kuminga hapatikani, basi Markkanen atafutiwe soko lingine, Utah haiwezi kukaa naye hivyo hivyo. Akamtazama mwalimu, akamuuliza bei.

"Nafasi nne za raundi ya kwanza," mwalimu akasema, huku akivua kiatu kukung'uta vumbi. "Na mipira minne."