Bakteria si Vijasumu Tu: Tafakuri Juu ya Maji ya Bondeni

Bondeni, mojawapo ya mitaa mikongwe ya Nakuru, ni jina linalojieleza. Maji hufuata mkondo, nao mkondo wa Nakuru huteremka kutoka Menengai, ukapitia mjini hadi ziwani. Ziwa Nakuru, lililotambuliwa na Mkataba wa Ramsar mwaka 1990 na kuwa sehemu ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, halina mto unaotoka. Maji hupaa kama mvuke. Yaliyobebwa na maji hubaki.

Miongoni mwa yanayobaki ni metali nzito: risasi, zebaki, kadimi, kromiamu. Wahenga walisema akiba haiozi. Msemo huo, uliokusudiwa kusifu uwekevu, waweza pia kusomwa kama onyo, kwani metali nazo haziozi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliyaonja madhara yake kutokana na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu.

Ni nani basi atakayeyasafisha maji? Sayansi inatuelekeza kwa viumbe tusiowaona. Kuta za seli za bakteria aghalabu huwa na chaji hasi. Chembe za metali zenye chaji chanya huvutwa na kunata hapo. Wapo bakteria waishio topeni pasipo oksijeni, ambao hupumua kwa kutumia salfeti na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Harufu hiyo humkera mpita njia, lakini gesi yenyewe hushikana na risasi, zinki au kadimi na kufanyiza salfaidi, kitu kisichoyeyuka, kikazama. Wengine huibadili kromiamu kali iyeyukayo upesi ikawa ya aina isiyo na ukali huo, wala isiyoyeyuka kwa urahisi.

Hata hivyo, tusiwatwishe bakteria sifa wasiyo nayo. Hawaiangamizi metali, huihamisha tu kutoka majini hadi topeni au mwilini mwao. Tope likiachwa, mvua kubwa ikalivuruga au hali ya maji ikabadilika, sumu yaweza kurudi ilikotoka. Isitoshe, chakula kikuu cha heroe wadogo wa ziwa hilo, yaani spirulina, ni bakteria wa kijani-samawati, nao pia huweza kunasa metali. Kinachosafisha maji katika bwawa la majitaka chaweza kuwa kinachopeleka sumu mdomoni mwa ndege ziwani. Kwa hiyo kazi ya bakteria sharti ifanyike kabla maji hayajafika ziwani, na tope lizolewe na kuhifadhiwa na binadamu.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Wapo wanaowaita bakteria wote vijasumu. Neno hilo limebeba hukumu tumboni mwake: kila kiitwacho hivyo ni sumu, na dawa yake ni kuuawa. Mzazi wa Bondeni aliyefunzwa hivyo ataaminije kwamba kijasumu chaweza kumwondolea mwanawe sumu? Uundaji wa istilahi si mchezo wa kamusi. Istilahi ikikosea, maarifa hukwama mlangoni, nayo maji hayangoji, yanaendelea kuteremka.