Kuwa Adui wa Rafiki Zako

Msomaji, kazi za duniani ni za namna mbili. Ziko zinazofanywa mbele ya macho ya watu, na malipo yake ya kwanza ni makofi. Ziko nyingine zinazofanywa faraghani, na mtendaji wake hana budi kujilipa mwenyewe kwa kujua ya kuwa ametenda sawa. Nataka kukusimulia habari za kazi moja ya namna hii ya pili. Niliifanya uwanjani nikiwa kijana wa umri kama wako, na nilipoifanya kwa mara ya kwanza niliifanya vibaya.

Kwetu ni Magwagwa, katika Nyamira, nchi ya vilima na mabonde inayoteremka kuelekea Mto Sondu. Udongo wake ni mwekundu, mashamba yake ni ya chai na migomba, na mvua yake hupenda kunyesha alasiri, saa zile zile ambazo wanafunzi hutoka darasani kwenda kucheza. Uwanja wa shule yetu ulikatwa ubavuni mwa kilima. Goli moja lilikuwa juu kuliko jingine, na mpira uliopigwa bila hadhari uliteremka mpaka ndani ya shamba la chai la jirani, ukatafutwa kwa muda mrefu kuliko uliochezwa. Katika uwanja huo, mwaka 1994, nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu na beki wa kulia wa timu ya shule.

Muhula wa pili, ambao ndio muhula wa mpira, niliteguka kifundo cha mguu. Niliporudi baada ya wiki tatu niliikuta nafasi yangu ina mwenyewe. Alikuwa kijana wa kidato cha pili, mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye adabu nyingi. Alinisalimu kwa heshima kama zamani, na heshima yake iliniudhi kuliko matusi. Mtu akikunyang'anya kitu kwa ubaya una ruhusa ya kumchukia. Akikitwaa kwa haki, chuki yako haina pa kukaa ila moyoni mwako mwenyewe.

Mwalimu wetu wa michezo aliniita kando. "Kijana," alisema, "huyu ataendelea kucheza. Lakini nina kazi ambayo sitaki kumpa mtu asiyejua mpira." Akafungua daftari. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amepanda matatu kwenda kuwatazama wapinzani ambao tungekutana nao, akakaa miongoni mwa watazamaji na kuandika kila alichokiona. Alichora jinsi walivyojipanga na jinsi walivyopiga kona. Kuhusu winga wao wa kushoto aliandika maneno haya: mara mbili hupita kando ya mstari, mara ya tatu hukata ndani na kupiga kwa mguu wa kulia.

"Wiki hii," alisema Mwalimu, "wewe ndiwe winga huyo. Wachezaji wa akiba ni washambuliaji wa timu ile, na wewe utawaongoza. Mkicheza kama mnavyopenda ninyi, hamtanisaidia. Chezeni kama wanavyocheza wao."

Huenda hujapata kuiona kazi hii, kwa hiyo nitakueleza inavyofanywa. Kila mchezaji wa akiba hupewa mtu wa kumwigiza. Kwanza shambulio hupitiwa kwa mwendo wa kutembea, ili kila mmoja ajue asimame wapi na mpira uende kwa nani. Kisha hupitiwa kwa nusu ya mbio, na mwisho kwa mbio zote, kana kwamba refa amepiga filimbi. Shambulio likiisha, mpira hurudishwa mahali ulipoanzia, na jambo lile lile hufanywa tena, mara tano, mara kumi, mpaka mabeki walitambue kabla halijatokea. Ugumu wake uko katika kujinyima. Mara nyingi utaona njia bora ya kufunga bao, lakini hutaruhusiwa kuipita, kwa sababu mtu unayemwigiza hapiti huko. Yakupasa kuazima miguu ya mtu mwingine, na makosa yake pia.

Kazi hii haikuzaliwa Magwagwa. Katika mpira wa Kimarekani, ambao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, timu kubwa huwa na kikosi maalumu cha wachezaji wa akiba, na wiki nzima wao hujifanya wapinzani wa pambano lijalo, wakifuata michoro waliyopewa. Mwaka 1953 timu ya taifa ya Hungary ilipokuwa ikijitayarisha kucheza na Uingereza, kocha wake, Gusztáv Sebes, aliwafanyisha vijana wake mazoezi kwa mipira ya Kiingereza, tena akazitaka timu za nyumbani ziwachezee kwa mtindo wa Kiingereza. Tarehe 25 Novemba, katika uwanja wa Wembley, Hungary ilishinda kwa mabao 6 kwa 3. Majina ya waliofunga mabao yale yameandikwa vitabuni, lakini ya wale waliojifanya Waingereza katika mazoezi hayatajwi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Jumatatu na Jumanne tulitembea na kukimbia nusu mbio. Jumatano ilinyesha, tukabaki darasani. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mbio zote, na siku hiyo Mwalimu aliitwa ofisini, akaniachia daftari na kusema, "Endesha wewe. Hakikisha kijana ameiona ile ya tatu."

Niliendesha. Nikapita kando ya mstari, kijana akaniwahi na kuutoa mpira. Nikapita tena, akaniwahi tena. Wenzake wakamshangilia. Nahodha akaninong'oneza, "Usimsumbue sana, ndugu yangu, asije akaogopa siku ya Jumamosi." Maneno yale yalikuwa mazuri kwangu kama blanketi usiku wa baridi, nikajifunika. Nikapita kando ya mstari mara ya tatu, na ya nne, na ya kumi. Sikukata ndani hata mara moja. Kila aliponinyang'anya mpira nilimpiga begani na kumsifu.

Nilijiambia ya kuwa nafanya wema, kwa kuwa nampa mdogo wangu moyo. Lakini, msomaji, mtu hujua anapojidanganya. Chini ya wema ule kulikuwa na sauti ndogo iliyosema: acha Jumamosi imfundishe. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu tunapoisikia methali hii tunawafikiria jirani zetu. Siku ile mdudu nilikuwa mimi.

Jumamosi ilifika. Winga wa wapinzani alipita kando ya mstari mara mbili, na mara mbili kijana wetu alimzuia, watazamaji wakapiga makofi. Mara ya tatu alifanya kama atapita tena. Kijana akakimbilia mstarini kama nilivyomzoeza, na winga akakata ndani akafunga bao. Katika kipindi cha pili alifanya vivyo hivyo akafunga la pili. Tulishindwa kwa 2 kwa 1. Kijana alikaa nyuma ya goli akajifunika uso kwa fulana yake. Nilikuwa nimengoja kuonja utamu wa saa ile, nikakuta una ladha ya shubiri.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa kauli ya Mwalimu. Alitukusanya akasema, "Msimlaumu mwenzenu. Kosa ni langu. Nililiona jambo lile nikaliandika, lakini nadhani sikulieleza vema." Nilikuwa nimesimama mbele yake, na daftari lake nilikuwa nimelishika mkononi.

Nilikaa na siri hiyo Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwake nikamweleza yote, hata ile sauti ndogo. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Anayekuonyesha adui dhaifu kuliko alivyo amekupeleka vitani bila ngao. Nenda ukamwambie aliyefungwa." Hilo lilikuwa gumu mara kumi kuliko la kwanza. Nilimwambia kijana nyuma ya jiko la shule, na yeye alinitazama, akaondoka bila kujibu. Hakuwa na deni la kunisamehe siku ile.

Nilidhani Mwalimu ataniondolea kazi. Badala yake alinipa daftari tena. Wapinzani waliofuata walikuwa na winga mwenye hila nyingine: hutoa pasi fupi kwa mwenzake, kisha hukimbia nyuma ya beki kuipokea mbele. Jumanne nilimpita kijana mara tisa katika mara kumi. Hakuna aliyeshangilia. Nahodha alinikemea, na wenzangu wa timu ya kwanza waliniuliza kama nimelipwa na wapinzani. Kijana aliniangusha kwa makusudi mara moja, na magoti yangu yakajaa udongo mwekundu. Nikainuka nikauweka mpira mahali pake, tukaanza tena. Jumatano alinizuia mara tatu, Alhamisi mara sita. Kufikia hapo alikuwa hanitazami miguu wala uso. Alimtazama mwenzangu nitakayempa pasi, na huo ndio ufunguo wenyewe wa hila ile. Jumamosi tulitoka sare bila bao, na winga yule alitembea kurudi kwao ameinamisha kichwa. Makofi yalikuwa ya kijana, na ilikuwa haki yake.

Sisi Wakenya yatupasa kuielewa kazi ya namna hii, kwa maana tumepata kuheshimiwa kwa sababu yake. Kule Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za mita 1,500, Ben Jipcho alitangulia kwa kasi kubwa katika mzunguko wa kwanza ili kuwachosha wapinzani. Kipchoge Keino alitwaa nishani ya dhahabu. Jipcho alimaliza wa kumi. Wiki moja kabla ya siku hiyo Naftali Temu, mwana wa Wagusii, alikuwa amekwisha kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, na jina lake twalijua wote tangu utotoni. Nakuomba ulijue na la Jipcho. Zamu yake ilikuja baadaye: mwaka 1972 huko München alitwaa nishani ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yule yule.

Zamu yangu haikuja. Sikurudi timu ya kwanza mwaka ule wala uliofuata, na leo sioni ya kuwa nilidhulumiwa. Iko siku na wewe utaombwa kuwa adui wa rafiki zako: kumhoji mwenzako kabla ya mtihani, kumpinga msemaji kabla ya mdahalo, kuisoma insha yake na kumwonyesha ilipolegea. Moyo utakushauri umwachie. Usimwachie. Umkaze kama atakavyokazwa na wasiompenda, lakini wewe ufanye hivyo kwa kumpenda, na akianguka umngoje ainuke muanze tena.

Jumatatu baada ya sare ile nilikuwa nakokota neti kuelekea golini, mvua ikianza kudondoka upande wa Sondu. Kijana alikuja akashika upande wa pili wa neti. Tulitembea kimya mpaka golini. Kisha akaniuliza, "Kaka, wiki hii wewe ni nani?"