Kilwa Kisiwani, Kabla Bahari Haijamaliza

Kila tukitimiza mwaka wa ndoa, mume wangu ana wazo moja tu: Zanzibar, hoteli, pweza, kurudi. Safari hii nikamwambia tunakwenda Kilwa. Akacheka. "Magofu? Mama, si yapo kwenye simu!"

Na kweli yapo. Mwaka 2020 Google, wakishirikiana na CyArk na ICOMOS, waliweka mtandaoni picha za Kilwa Kisiwani za kuzungushwa kwa kidole. Kabla yao walikwishafika wataalamu wa mradi wa Zamani kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Mashine yao hutupa miale ya leza ukutani na kupima umbali wa kila nukta; nukta zinakuwa mamilioni, kompyuta inaziunganisha, unapata jengo zima na nyufa zake. Usiku ule tulilizungusha Gereza tukiwa kitandani. Nikadhani safari imekufa.

Hapana, tulikwenda. Basi kutoka Dar kama kilomita 300, kibali pale Masoko, halafu mashua.

Jamani, Msikiti Mkuu! Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, nasi tumesimama chini ya matao hayo ya matumbawe na chokaa, tunanong'ona kama watoto. Husuni Kubwa ni mwendo, vaa viatu vya maana. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linalotazama bahari. Mwenzangu, ambaye hata kuta za nyumbani kwetu hazitazami, alikaa ukingoni pale kimya kwa muda mrefu.

Lakini kilichomkamata ni Gereza, ngome ya Waomani iliyojengwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno ya mwaka 1505. Mzee aliyetutembeza akatuonesha upande wa ufukweni. "Hapa palikuwa na ukuta, wanangu. Bahari imeshaula." Mikoko ilikatwa, mawimbi yakapata njia. Mwaka 2004 UNESCO iliingiza Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini; ikatolewa 2014, baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa.

Hapo niwaambie siri yetu. Kompyuta yetu ilikufa pamoja na picha zote za harusi. Hatukuwa na nakala. Humo ndimo ilimokuwa picha ya mwisho ya baba mkwe akicheka. Fundi alishindwa, na mume wangu hakulizungumzia tena.

Pale ufukweni akalizungumzia. "Hawa wenzetu angalau walitunza nakala," akasema, mkono uko ukutani. Nikamjibu kwamba vipimo vile si kumbukumbu tu: ukipima tena baada ya miaka, unalinganisha, unajua ukuta gani umeinama na fundi aanzie wapi. Mawimbi lakini hayazuiwi na kompyuta. Yanazuiwa na mikoko.

"Na hiyo nakala yao nayo ikifa?"

Sikuwa na jibu. Nahodha alikuwa anatuita, maji yanakupwa.

Pweza tulimla Masoko jioni. Mwakani ni Songo Mnara, na safari hii aliyechagua ni yeye.